Oili Kwenye Saruji ya Mwalimu Benedikto

SEHEMU YA TISA

Tone lilianguka.

Haya, mmeridhika? Wiki nzima nimepokea barua, moja kutoka Magomeni imeandikwa kwa hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi, na zote zinauliza swali hilohilo: lile tone la oili tuliloliacha likining'inia chini ya gari la Projestus, lilianguka au halikuanguka? Lilianguka. La pili likalifuata, na la tatu halikuona sababu ya kubaki nyuma peke yake.

Kwa wale waliofungia samaki gazeti lao kabla ya kulisoma, nitawakumbusha upesi. Projestus ni karani wa ofisi moja mjini, kijana wa Bukoba, mwenye suti mbili na maneno ya suti kumi. Baba yake alivuna kahawa mwaka ambao bei ilipanda, akamtumia mwanawe fedha anunue kiwanja na kujenga nyumba. Projestus akanunua gari.

Tena si gari la mtu anayetaka kubeba kitu. Ni kigari chekundu cha mashindano, cha viti viwili, hakina paa, alichouziwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Wazungu wale wana busara yao. Kitu kikianza kuvuja, humwuzia Mwafrika kwa tabasamu, wakampa mkono, kisha wakapanda meli.

Kijana huyu anataka kumwoa Avelina, binti wa Mwalimu Benedikto wa Mwananyamala. Mwalimu anafundisha hesabu, na uwanja wa mbele wa nyumba yake ameusakafia saruji kwa mikono yake mwenyewe, likizo mbili mfululizo. Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye uwanja kama huo. Mwezi uliopita gari la Projestus liliacha juu ya saruji ile doa la ukubwa wa sinia, na padri aliyekuja kubariki nyumba akalikanyaga. Alikaa chini kwa kishindo, na maji ya baraka yakabariki kanzu yake mwenyewe.

Ndiyo maana Jumamosi ile Mwalimu alitandika karatasi nyeupe ya mtihani chini ya injini, akaagiza gari liungurume juu yake nusu saa.

Sasa aliinama, akaivuta karatasi, akatoa penseli nyekundu mfukoni. Kila tone akalizungushia duara.

"Tisa," alisema.

"Mwalimu, mengine ni madogo sana."

"Na madogo nimeyahesabu."

Akaandika chini ya karatasi, akamkabidhi. Projestus akasoma: *Umeshindwa. Rudia.*

"Lakini sili zote nimebadilisha, Mwalimu! Ya mbele mara moja, ya nyuma mara mbili!"

Sili, kwa nyinyi msiobahatika kumiliki gari linalovuja, ni kipete cha ngozi kinachokaa pale mhimili wa injini, yaani krenki, unapotokeza nje. Kazi yake ni kuirudisha oili ndani. Za Projestus zilikuwa mpya, na hazikufanya kazi hiyo hata dakika moja.

"Mwanamume asiyeweza kuzuia oili isitoke kwenye chuma," alisema Mwalimu, "atazuia nini nyumbani kwake?"

Kivulini, kwenye kigoda, alikaa Elinaza, dresa wa hospitali, mfunga vidonda, akila karanga. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Elinaza naye alimtaka Avelina, na tofauti yake na Projestus ni kwamba yeye alikuwa na akili ya kunyamaza. Baiskeli haina injini, haina sili, haivuji, na hilo alilitangaza kwa kuiegemeza mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Jumamosi ijayo, saa nne," alisema Mwalimu. "Uje na gari hilohilo, usije kwa miguu ukadhani umenizidi akili. Likidondosha tone moja, moja tu, Jumapili baada ya misa napokea posa ya huyu."

Elinaza aliacha kutafuna, kwa heshima.

Mlangoni alisimama Avelina, ncha ya kanga mdomoni. Alimtazama Projestus, akalitazama gari, akarudi ndani. Macho yake yalikuwa mekundu, na Projestus, mtaalamu wa kila jambo, aliamua kwamba ni moshi wa jikoni.

*

Alhamisi alikuwa Temeke, kwa Fundi Mwinjuma.

Gereji ya Mwinjuma ni mabati manne juu ya nguzo sita, na chini yake kuna kila spana unayoweza kuitaja isipokuwa ile unayoitaka. Wakati wa vita Mwinjuma alitengeneza malori ya jeshi la Mwingereza huko Bama, Asia, habari ambayo hukuambia kabla hujamaliza kusalimia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Tisa, eh?"

"Umejuaje?"

"Hata wauza mihogo wanajua. Wameshaanza kuniita Fundi Mtiririko." Mwinjuma akatema mate pembeni. "Mie, niliyekuwa Bama! Sili hizi nimezikata mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe, ngozi nzito ya mgongoni. Nikazilaza siku mbili kwenye mafuta ya ng'ombe ya vuguvugu. Mdomo nimeutazamisha ndani, inakotoka oili. Zimekaa kwenye krenki kama pete kidoleni. Haziwezi kuvuja!"

"Zinavuja."

"Si naona! Nina macho! Washa."

Projestus akawasha. Kigari kikanguruma kwa ile sauti iliyomfanya aache kununua kiwanja. Mwinjuma akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mbele inavuja," alisema taratibu. "Nyuma inavuja. Mpaka stiki ya kupimia oili inatoka jasho. Bwana karani, vitu vitatu haviharibiki saa moja. Hebu nikuulize. Ukila maharage mengi, halafu ukajibana mbele za wakubwa, nini hutokea?"

"Fundi! Mimi ni mtu wa ofisi."

"Na watu wa ofisi huwatokea hivyohivyo. Injini hii imebanwa. Ina upepo ndani, haupati pa kutokea, basi unasukuma oili popote penye upenyo. Mie mjinga nilitazama oili inapotokea. Sikuuliza inasukumwa na nini. Sogea hapa, tazama."

Projestus akasogea, akatazama. Mwinjuma akafungua kifuniko cha kujazia oili.

Injini ilimtemea karani mate meusi kuanzia tai mpaka mkanda. Shati lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, limepigwa pasi asubuhi ile. Wakata majani waliokuwa wakipita walisimama kushuhudia na kuendelea na safari wakiwa na furaha ambayo hawakuitarajia siku hiyo.

"Umeona?" aliuliza Mwinjuma.

"Nimeona," alisema Projestus, akijifuta macho.

Ubavuni mwa injini ile kuna bomba dogo lililopinda, mdomo wake umetazama juu. Ndilo bomba la kupumulia. Injini ikishiba upepo, hapo ndipo inapoutoa. Mwinjuma akazima gari, akaingiza waya. Waya ukagoma. Akausukuma, akauzungusha, akauvuta kwa nguvu, na kwenye ncha yake kikatoka kitu chenye ukubwa wa tende, cheusi, kinachonuka moshi. Kilikuwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono na kuzungushiwa uzi mara saba.

"Hirizi," alisema Mwinjuma.

Projestus huimba kwaya kila Jumapili. Ofisini huwacheka wenzake wanaoamini mambo hayo, huwaita watu wa zamani. Fundi alipogeuka kumtazama, mtu wa kisasa alikuwa ameshavuka barabara, na alikuwa akifanya ishara ya msalaba upande wa pili.

"Rudi, bwana! Haing'ati!"

Akarudi, hatua moja moja. Kisha ghafla akaruka kwa furaha.

"Elinaza! Ni Elinaza, fundi! Ameniwekea ili gari livuje, aniharibie kwa Mwalimu! Nipe hiyo. Naipeleka sasa hivi Mwananyamala. Unajua Mwalimu anavyozichukia hizi? Kuliko oili! Mwaka juzi alimfukuza mpangaji kwa sababu ya uzi mweusi kwenye mkono wa mtoto mchanga. Leo Elinaza atarudi kwao na kibaiskeli chake kichwani!"

Wakati huo akatokea Mwanaheri, mke wa Mwinjuma, na birika la chai ya tangawizi. Akakiona kile kitu mkononi mwa mumewe. Akaliweka birika chini polepole.

"Baba Hamisa, nani ameitoa hiyo?"

"Unaijua?"

"Mshono wangu nisiujue?"

Sijui kama msomaji amewahi kumwona mtu aliyekuwa Bama akitafuta pa kukaa na asipate. Mwinjuma alijaribu kukaa kwenye tairi, akalikosa, akakaa chini.

"Mama Hamisa," alisema. "Sema tena."

"Nasema nimeishona mie. Kuna msichana alikuja hapa, yapata wiki sita. Wewe ulikuwa Kiwalani kwenye lori la mchanga. Msichana mrefu, mpole, ana mwanya. Aliulizia gari jekundu. Nikamwambia fundi hayupo, akaanza kulia hapo hapo ulipokaa wewe. Anasema mchumba wake anaendesha kama anafukuzwa, na akilala anamwota yuko mtaroni, gari juu yake. Akaomba kinga. Basi mie nikamshonea. Ulitaka nimwache alie?"

Projestus akaichukua ile hirizi mkononi mwa fundi, akaigeuzageuza.

"Na ukamwambia aitie kwenye bomba!" alifoka Mwinjuma.

"Wala! Mie bomba nitalijulia wapi? Kinga ya mtu hukaa kifuani, ya nyumba hukaa mlangoni. Ya gari nilikuwa sijapata kuulizwa. Nikamwambia, mwanangu, iweke pale chombo kinapopumulia. Akasema, 'Napajua, mama, mchumba wangu alinionyesha.' Nikamwambia na asimwambie mwenyewe, maana ukimwambia haifanyi kazi."

Mchumba wake alimwonyesha. Ndiyo, siku ya Pasaka. Projestus alifunua boneti mbele ya Avelina na kumtajia kila kipande kwa jina lake la Kiingereza, na ambapo hakulijua jina, alilitunga. "Na hapa, Avelina," alimwambia, kidole juu ya lile bomba, "hapa ndipo injini inapumulia." Avelina aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Jumapili iliyofuata baada ya kwenda Temeke, bwana huyu akiwa sebuleni anamweleza Mwalimu habari za mbio zake, binti alitoka nje na kufanya alichofundishwa.

"Nimeshusha giaboksi mara mbili," alisema Mwinjuma kwa sauti ndogo. "Mara mbili, Mama Hamisa. Mgongo wangu huu. Usiku ulikuwa unanikanda kwa mafuta ya nazi na kuniuliza, 'Gari gani hilo lisilopona?'"

"Sasa si hukuniuliza kama mie ninalo la kusema?"

Niwaache hao wawili wamalize yao, maana yalichukua muda. Mimi nilimtazama Projestus. Alikuwa amekaa juu ya tairi, shati lake limechafuka, ile hirizi kiganjani. Mwezi mzima aliamini kwamba Avelina anamnunia kwa sababu ya doa la saruji. Kumbe alikuwa akimlilia. Aliona aibu, na alifurahi, na alishindwa kujua aanze na lipi. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kidogo kijana huyu, lakini naomba msimwambie.

Kisha furaha ikamtoka, kwa sababu alikumbuka Mwalimu. Mwalimu Benedikto aliapa mbele ya waumini kwamba mtoto wake yeyote akikutwa na hirizi, siku hiyohiyo atapelekwa Bukoba kwa shangazi yake Kokushubila. Bibi huyo husali rozari tatu kabla ya chai, na hakuna kijana aliyewahi kufika mlangoni kwake mara ya pili.

"Fundi," alisema Projestus. "Mwalimu asijue kilichokuwa ndani ya bomba."

"Na jina langu?"

"Jina lako litatakata gari likikauka."

Mwinjuma akafikiri. "Haya. Tupa kitu hicho."

"Haitupwi!" alisema Mwanaheri. "Kinga haiendi jalalani. Arudishiwe mwenyewe, mkononi."

Projestus akaiviringisha ndani ya leso yake, akaitia mfuko wa koti. Nanyi mnaona anavyoitia, na mimi naona, lakini huyu ni mtu ambaye hajawahi kuomba ushauri wetu.

Bomba likaoshwa kwa petroli. Injini ikafutwa mpaka ikang'aa. Sili hazikuguswa. Wakaenda na gari mpaka Kiwalani na kurudi, Mwinjuma akatandika gunia jeupe la unga chini, wakasubiri saa nzima wakinywa chai ya Mwanaheri ambayo sasa ilikuwa imepoa. Gunia halikupata hata alama.

*

Jumamosi, saa nne kasoro dakika tano, kigari kiliingia Mwananyamala. Kwenye kiti cha pili alikaa Mwinjuma, amevaa koti lake la jeshi lenye vifungo vyote, kwa sababu alitaka jina lake lirudishwe hadharani.

Hadhara ilikuwapo. Majirani walijaa ukutani kama siku ya ngoma. Elinaza alikuwa kwenye kigoda chake, suruali imebanwa kwa vibano vya baiskeli, na leo alikuwa amekuja na saa ya mkononi.

Mwalimu akatandika karatasi. Injini ikanguruma. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mtoto mmoja wa jirani akapiga kelele kwamba ameona tone, watu wakainama wote pamoja, kumbe ni sisimizi.

Nusu saa ilipotimia, Mwalimu akaivuta karatasi. Akaitazama upande mmoja, akaigeuza upande wa pili, akaiinua juani. Ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani.

"Safi," alisema Mwalimu.

Vigelegele! Mwinjuma alisimama wima akapiga saluti, sijui alimpigia nani. Elinaza alipaliwa na karanga, na hakuna aliyempiga mgongoni.

"Mia kwa mia, Mwalimu?" aliuliza Projestus, meno yote nje.

"Bado."

"Bado nini?"

Mwalimu akaiweka karatasi juu ya kimeza, akaketi, akatoa penseli nyekundu. "Jibu sahihi lisilo na njia ni jibu la kuibia. Miaka ishirini nafundisha hivyo, sitabadilika kwa ajili ya mkwe. Onyesha njia. Kosa lilikuwa nini?"

Nani angelifikiria hilo? Wazazi wengine huulizia ng'ombe wa mahari. Huyu aliulizia njia.

"Ni sili, Mwalimu."

"Sili ulisema ulishabadilisha. Umebadilisha tena?"

Ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, za kwanza fundi alizikosea. Projestus alitupa jicho upande wa Mwinjuma. Mwinjuma naye alikuwa akimtazama, mkono bado uko kwenye paji la uso, kwenye saluti.

"Hatukubadilisha," alisema Projestus. "Sili za fundi zilikuwa nzuri tangu mwanzo. Lililoziba ni bomba la kupumulia."

"Liliziba kwa kitu gani?"

Jasho likamtoka. Likamtiririka usoni, likaingia kwenye kola. Kijana akafanya kile ambacho mtu mwenye jasho hufanya bila kufikiri: akatoa leso.

Hirizi ikaanguka juu ya ile karatasi nyeupe. Ikajiviringisha mara mbili, ikasimama, na doa jeusi likaanza kutanuka chini yake.

"Hirizi!" alipaza sauti Elinaza, akiruka kutoka kwenye kigoda, kwa furaha ya mtu aliyepandishwa cheo.

Majirani walisukumana ukutani waone. Mwalimu aliigusa kwa ncha ya penseli.

"Ya nani?"

"Yangu," alisema Projestus.

Alisema kabla hajafikiri, na hiyo ilikuwa bahati, maana kila akifikiri huharibu.

"Yako. Wewe, mwimbaji wa kwaya."

"Ndiyo, Mwalimu. Niliiweka mwenyewe. Nilitaka kinga ya barabarani."

Wasomaji wangu, kijana huyu tumemsikia akidanganya kwa sehemu nane, kuhusu cheo chake, kuhusu mbio zake, kuhusu Kiingereza chake. Huu ndio uongo wake wa kwanza ambao haukumfaidi yeye. Alijua anamkosa Avelina kwa uongo ule. Hata hivyo hakuurudisha.

"Basi shika njia yako," alisema Mwalimu. "Na posa yako iondoke na moshi wako."

Projestus akageuka. Angefika garini, na hadithi ingeisha kwa huzuni ya kawaida, kama Mwalimu Benedikto angekuwa fundi seremala. Lakini alikuwa mtu aliyesimamia mitihani miaka ishirini. Uso wa mtu anayetoa jibu lisilo lake aliufahamu hata gizani.

"Simama! Kama ni yako, unajua kilichoandikwa ndani. Niambie kabla sijaifungua."

Akachukua mkasi wa mkewe kutoka kwenye kikapu cha ushonaji, akauweka kwenye uzi.

Mwinjuma aliteremsha mkono wake wa saluti.

"Kimeandikwa kwa Kiarabu, Mwalimu," alisema Projestus.

"Kitamke."

"Ni Kiarabu kirefu."

"Neno la kwanza tu. Nitaridhika na neno la kwanza."

Projestus alitazama mawingu, akatazama saruji, akamtazama Elinaza, ambaye alimtabasamia. Akavuta pumzi.

"Hakikuandikwa kwa Kiarabu, baba."

Avelina alikuwa ametoka mlangoni, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Hakulia. Alikuja mpaka kwenye kimeza, akasimama mbele ya baba yake.

"Ni Kiswahili. Aliyeishona aliniambia niandike dua yangu mwenyewe, nikaandika. 'Mungu, mlinde Projestus barabarani, kwa kuwa mwenyewe hajilindi.' Hakuna kingine. Mwandiko utaujua, ulinifundisha wewe."

Mwalimu akakata uzi. Karatasi ilikuwa imelowa oili lakini penseli ilikuwa haijafutika. Akaisoma mara moja, akaisoma tena. Hakukuwa na kosa hata moja la kuandika, na nadhani hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Alimpenda binti huyu kuliko saruji, kuliko kitu chochote, na penseli nyekundu aliirudisha mfukoni.

Lakini alikuwa ameapa mbele za watu, na watu walewale walikuwa wamejaa ukutani.

"Tekla," alimwita mkewe. "Toa sanduku la mwanao."

"Baba Avelina, nakuomba, mbele za majirani hivi..."

"Sanduku. Elinaza, treni ya bara leo inaondoka saa ngapi?"

"Saa nane kamili, Mwalimu!" alijibu Elinaza kwa bidii, mpaka kidole aliinua. Kisha akakumbuka ni nani anayesafirishwa. "Lakini, Mwalimu, labda wiki ijayo..."

"Baiskeli yako haibebi sanduku." Mwalimu akamgeukia Projestus. "Wewe una gari. Nimelipima mwenyewe, halivuji. Utampeleka stesheni, sanduku lipandishwe behewani, na nitamwona akipanda kwa macho yangu."

"Gari lina viti viwili tu, Mwalimu," alisema Projestus, kwa sauti ambayo haikusikika vizuri.

"Nimevihesabu. Mimi nitakuwa nyuma yenu."

Akachukua mwavuli wake, akakaa kwenye keria ya baiskeli ya Elinaza, akaufungua. Elinaza akashika usukani wa baiskeli, na naapa nilimhurumia, maana Mwalimu si mwembamba.

Mwinjuma, aliyepoteza kiti chake, alifunga sanduku nyuma ya gari kwa kamba ya katani. Akapiga fundo, akapiga la pili, akapiga la tatu na kulikanyaga kwa mguu kulikaza.

"Mafundo yote hayo ya nini, fundi?" aliuliza Avelina.

"Njia ina mashimo, mwanangu," alisema Mwinjuma, bila kumtazama.

Tekla alimkumbatia binti yake, akamfuta unga shavuni. Majirani waliimba pole. Kigari kikaondoka mwendo wa jeneza, kama kilivyoamriwa, na nyuma yake baiskeli ikayumba mchangani, Elinaza akihema, mwavuli ukielea juu yao.

Walifika barabara kubwa. Mkono mmoja ni mjini, stesheni, na treni ya saa nane. Mkono wa pili ni njia ya Bagamoyo, nyeupe, nyofu, haina mtu. Projestus alisimamisha gari pale. Alitazama upande huu, akatazama upande ule.

Avelina alipangusa macho kwa ncha ya kanga. Akageuka nyuma, akaiona baiskeli ikija polepole, tairi lake la mbele likicheza huku na huku. Akageuka mbele tena, akajishika vizuri kwenye kiti.

"Projestus," alisema. "Siku zote unaniambia gari hili lina mbio. Ni kweli, au ni maneno yako tu?"